Saa nane kitini: tuliyojifunza kwa watu wa kazi za mezani

Mtu anayeumwa kiuno kwa sababu ya kazi ya ofisini huja na swali moja: anunue kiti gani. Ameshazunguka madukani, ameona kile chenye wavu mgongoni na magurudumu matano, na bei imemtisha. Sisi tunaohudumia misuli na viungo vya watu wa aina hii tumejifunza kuliweka swali la kiti pembeni na kuuliza jingine kwanza: jana, kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, uliinuka mara ngapi? Wengi hunyamaza kidogo, halafu wanasema mara moja, kwenda msalani. Wapo ambao hawakuinuka kabisa, kwa kuwa mhudumu aliwaletea chai na andazi pale pale walipo na mafaili nayo yakaletwa. Saa nne mfululizo, mwili haujabadilisha hali.

Kiti kibaya kinaumiza, na tutafika kwake. Lakini hata kiti kizuri kuliko vyote mjini hakimsaidii mtu aliyekikalia saa nne bila kunyanyuka.

Madhara huanza miguuni, mahali ambapo watu hawapatazamii. Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo, ila kupanda kurudi juu inahitaji msaada. Ndani ya shavu la mguu kuna vena zilizozama katikati ya misuli, na ndani ya vena hizo kuna vali ndogo zinazofunguka kuelekea juu tu. Ukipiga hatua, msuli unajikaza na kuikamua vena, damu inapanda. Msuli ukilegea, vali inajifunga na damu hairudi chini. Ndiyo maana waganga huuita msuli huo moyo wa pili. Ukikaa kitako na miguu imetulia, pampu hiyo imezimwa. Damu inatuama, maji yake yanachuja polepole kuingia kwenye nyama za jirani, na ikifika saa tisa alasiri viatu vinabana. Vua soksi utaona alama ya ulastiki imezama kwenye ngozi. Bonyeza juu ya mfupa wa ugoko kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, achia: kikibaki kishimo, hayo ni maji yaliyotuama. Kwa mtu wa mezani uvimbe huo huisha akilala usiku. Kama kishimo bado kipo asubuhi kabla hajashuka kitandani, basi akapimwe moyo na figo, na amwambie daktari dawa anazotumia, maana hata baadhi ya dawa za presha, amlodipini ikiwa mojawapo, huvimbisha vifundo vya miguu.

Mtazame fundi cherehani wa barazani anayetumia mashine ya kukanyaga. Amekaa tangu asubuhi, lakini vifundo vyake vinapanda na kushuka kutwa nzima na mashavu ya miguu yanafanya kazi. Anayelipa gharama ni shingo yake, kwa kuinamia sindano. Mhasibu aazime miguu ya fundi huyo. Nyayo zote mbili sakafuni. Inua visigino juu kadiri vinavyokwenda huku ncha za vidole zikibaki chini, shusha, kisha inua vidole visigino vikiwa vimetulia. Mara 30 za taratibu ni kama dakika moja. Hakuna anayeona chini ya meza, kwa hiyo hata kwenye kikao cha bodi inawezekana. Haliondoi haja ya kuinuka. Ni zoezi la kuokoa siku ambayo huwezi kuinuka. Vijana wenye afya waliokalishwa saa sita mfululizo katika uchunguzi mmoja wa Marekani walikutwa mshipa mkubwa wa nyuma ya goti umepungukiwa na uwezo wake wa kutanuka, na kutembea dakika 10 kuliurudisha. Hao walikuwa vijana, tena kwa siku moja. Aliyefanya hivyo miaka kumi na tano anahitaji kulifikiria jambo hili kwa uzito.

Sukari nayo ina hadithi ya aina hiyo. Misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Inapolala, sahani ya wali maharage ya mama ntilie pamoja na soda huishia kuzunguka kwenye damu muda mrefu, na kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi. Usingizi ule wa saa nane mchana una mkono wa hali hiyo ndani yake. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwapima watu wenye uzito uliozidi baada ya kuwapa kinywaji kitamu: siku walizoinuka kila dakika 20 na kutembea dakika 2, sukari na insulini zao baada ya kinywaji zilipungua kwa takriban robo zikilinganishwa na siku ya kukaa moja kwa moja. Mwaka 2023 wengine wa New York walijaribu vipimo mbalimbali, na kilichofanya vizuri kuliko vyote ni dakika 5 za kutembea kila nusu saa. Dakika 1 kwa saa nzima haikuigusa sukari. Waliopimwa huko New York walikuwa 11 tu, kwa hiyo namba hizo zisikazwe kama msumari. Sisi huwaambia watu: kila nusu saa inuka, dakika mbili zikishindikana iwe hata moja, na baada ya chakula cha mchana usirudi kitini kabla ya kutembea dakika 10. Hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote kwa mwenye kisukari au ambaye mzazi wake anacho.

Sasa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna diski, gegedu laini ambayo kwa mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Inapata maji na chakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo unayoikamua na kuiachia ndani ya beseni. Ukikaa mkao mmoja, imebanwa upande mmoja na haijaachiwa. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima mgandamizo ndani ya diski za watu hai kwa sindano na kukuta kukaa bila kuegemea kunaukandamiza mgongo kuliko kusimama. Kutokana na vipimo hivyo watu wakaambiwa kwa miaka mingi wakae wima. Mwaka 1999 Wajerumani walirudia kwa chombo kilichopandikizwa ndani ya diski ya mtu mmoja, na mtu huyo alipokaa kwa kujilegeza akiegemea nyuma mgandamizo haukuzidi ule wa kusimama. Uliopanda sana ni wa kuinama mbele, na zaidi ya hapo wa kuinua mzigo mgongo ukiwa umepinda. Kwa hiyo tumeacha kuwaambia watu wakae kama askari wa gwaride. Anayejikaza wima kutwa huchosha misuli ile ile, na ikifika jioni inauma kama ya aliyejikunja. Egemea nyuma. Baada ya muda sogea mbele. Kunja mguu, nyoosha mguu. Kuhangaika kitini, ambako watoto hugombezwa nako shuleni, ni jambo la afya kabisa.

Habari ya mabasi ya London inastahili kujulikana na kila anayepanda daladala. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wapatao 31,000 wa usafiri wa jiji hilo. Madereva walikaa zamu nzima. Makondakta wa mabasi ya ghorofa walipanda na kushuka ngazi mamia ya vidato kwa siku kukata tiketi. Mabasi yale yale, mitaa ile ile, lakini ugonjwa wa moyo uliwapata madereva zaidi, na ulipompata kondakta haukuwa mkali kiasi kile. Morris alikuwa mwaminifu kwa kazi yake: baadaye alichunguza vipimo vya sare na kukuta suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi, hata walipokuwa bado vijana kazini. Yaani sehemu ya tofauti huenda ililetwa na watu wenyewe. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka, na tafiti nyingi za baadaye zimeelekea huko huko. Mwaka 2016 zilikusanywa takwimu za zaidi ya watu milioni moja, na ilionekana kwamba wanaokaa zaidi ya saa nane kwa siku hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema endapo walifanya mazoezi ya wastani dakika 60 hadi 75 kila siku. Ni nyingi, tunajua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki na kupunguza muda wa kukaa. Kwa anayetoka Mbagala au Kimara kila siku, kushuka kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni, kunaweza kumpa nusu saa bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Kuhusu namna ya kukumbuka kuinuka, tumeona mengi yakishindwa. Kengele ya simu hudumu siku tatu. Siku ya nne mtu anaizima huku macho yako kwenye hesabu. Kinachodumu ni kufunga kuinuka kwenye jambo ambalo mwili au kazi yenyewe italidai. Usiweke chupa ya lita moja na nusu mezani, tumia glasi ndogo ya mililita 250: ikiisha, nenda ukajaze. Maji nayo yatakuinua kwenda msalani, na ukiweza nenda msala wa ghorofa nyingine. Simu ikiita, simama, na uongee ukiwa umesimama mpaka ikatwe. Kikapu cha taka kitoke chini ya meza kiende mlangoni. Barua ya mtu wa chumba cha pili ipelekwe kwa mkono. Mhudumu aombwe kwa heshima aache chai kaunta, watu waifuate; mwanzoni ataona ajabu, kwa hiyo aelezwe sababu asije akadhani kazi yake imedharauliwa.

Kwa Waislamu swala ya adhuhuri imeangukia katikati ya kazi, na kwa upande wa viungo peke yake ni neema. Rakaa nne zina rukuu nne na sijida nane. Nyonga, magoti na vifundo vinakunjwa mpaka mwisho wake na kunyooshwa tena, na kabla ya hapo mtu ametembea kwenda kutawadha. Asiyeswali aitumie saa hiyo hiyo kuzunguka jengo. Mkuu wa idara anayenuna watu wakitoka dakika 10 angeangalia vyeti vya ugonjwa vinavyorundikana Juni na Julai, wakati wa kufunga hesabu za mwaka wa fedha, ataona kipi kinampotezea muda zaidi.

Tufike kwenye kiti na meza. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, kipimo kinachomfaa mtu mrefu. Mchukue mwanamke wa sentimita 155 aliyekaa kwenye meza ya 75. Kosa la kawaida ni kuanzia miguuni: anashusha kiti mpaka nyayo ziguse sakafu, kama sentimita 40, na viwiko vyake vinabaki sentimita kumi na zaidi chini ya meza. Ili aandike analazimika kuinua mabega, na anayashikilia hivyo saa nane. Maumivu yake yatakuwa kati ya shingo na bega, yatapanda kisogoni kama kichwa kinauma, naye atameza panadoli.

Anzia viwiko. Akae nyuma kabisa, mabega yalegee, akunje mikono kama anayeshika sinia; pandisha kiti mpaka viwiko vilingane na uso wa meza au vizidi kidogo. Kwake itakuwa karibu sentimita 50, na miguu sasa inaning'inia. Hapa ndipo rimu za karatasi zinapofaa: rimu ya A4 ya shuka 500 ina unene wa takriban sentimita 5. Mbili juu ya mbili, ubavu kwa ubavu, zimefungwa kwa gundi ya utepe zisiteleze, ni kibao cha miguu cha sentimita 10. Asipowekewa, ukingo wa kiti utambana nyuma ya mapaja, miguu itakufa ganzi, naye atajivuta kwenye ncha ya kiti ili aguse sakafu. Akifanya hivyo, egemeo la mgongo halina kazi tena. Kisha angalia kina: kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole vitatu. Visipopita, kiti ni kirefu kwake, awekewe mto mgongoni. Mwenye kiti kisicho na mbinuko wa kiuno akunje kanga au taulo dogo liwe mviringo wa unene wa ngumi, aliweke usawa wa mkanda wa suruali. Likipanda juu ya hapo linamsukuma mbele.

Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usawa wa macho. Anayevaa miwani ya sehemu mbili aishushe skrini zaidi, la sivyo ataangalia kwa kuinua kidevu na shingo itakakamaa kwa nyuma. Jambo tunalolikuta mara nyingi, na ambalo hakuna kiti kinacholitibu, ni skrini iliyowekwa kwenye kona ya meza ili mgeni aonekane vizuri. Shingo inageuka upande mmoja siku nzima. Muulize mtu huyo ageuze kichwa kulia na kushoto, utaona upande mmoja unafika begani na mwingine umekwama nusu njia. Ihamishwe iwe mbele yake, mgeni ndiye akae pembeni.

Kompyuta mpakato ina kasoro ya kuzaliwa nayo: kibodi na skrini vimeshikana, kwa hiyo ukiridhisha mikono unaumiza shingo. Iweke juu ya rimu mbili au tatu, uongeze kibodi na mausi vya nje. Vifaa hivyo viwili vina bei ya chini mno kuliko kiti kipya, na tukiulizwa pesa zianzie wapi, hujibu hapo.

Kuhusu mikono, sikiliza ganzi iko kidole gani. Ikiwa gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, tena inakuamsha usiku ukung'ute mkono, neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono; acha kuegemeza kifundo kwenye ukingo wa meza na upate ushauri mapema kabla msuli wa chini ya gumba haujasinyaa. Ikiwa kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete, mara nyingi kiwiko ndicho kinachoegemezwa mahali pagumu. Macho hayahitaji maelezo mengi: kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20, na pepesa.

Wanaume wenye pochi nene mfuko wa nyuma waitoe kabla ya kukaa. Inainua kalio moja, nyonga inalala upande, na neva inayopita chini ya kalio inabanwa.

Meza za kusimamia zimeingia mjini. Zinasaidia kubadilisha mkao, na kwa hilo tunazipenda. Anayezinunua ili apungue mwili atasikitika: kusimama kunazidi kukaa kwa takriban kalori 0.15 kwa dakika, yaani saa sita ni kalori 54, chini ya nusu ya chapati. Na anayesimama kutwa bila kutembea huota mishipa iliyovimba miguuni, kama wanavyojua walimu na wauza maduka. Mkanda wa kiunoni unaovaliwa kila siku hatuupendekezi. Linalotutia wasiwasi zaidi ni diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa na kumezwa wiki baada ya wiki ili mtu amalize kazi. Inatuliza, lakini inachimba vidonda vya tumbo, inapandisha presha na kuumiza figo. Kiuno cha kukaa hupungua kwa kutembea na kwa kuipa misuli nguvu: inuka kitini bila kushika popote mara 10, pumzika, rudia mizunguko mitatu, siku mbili au tatu kwa wiki. Wiki mbili za kwanza misuli italalamika. Kwa kawaida nafuu huonekana kati ya wiki ya nne na ya sita, na wengi hukata tamaa katika ya tatu, jambo linalotuuma kwa sababu walikuwa wamekaribia.

Yapo maumivu yasiyongoja wiki hata moja. Kiuno kinachoambatana na ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo kukwama au kutoka wenyewe, ni dharura ya saa, hata ikiwa usiku wa manane. Unyayo unaoburuta kwa kushindwa kuinuka uonwe na daktari siku hiyo hiyo. Na mguu mmoja, mmoja tu, ukivimba shavu, ukawa na joto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, baada ya upasuaji, au kwa mjamzito na aliyejifungua karibuni, usikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa mafuta, hata mama au bibi akisisitiza kwa mapenzi yake yote. Huenda damu imeganda ndani ya vena, na mkono unaochua unaweza kuling'oa bonge likaenda kwenye mapafu. Mpeleke hospitali kwa gari, asitembezwe, na mkifika mwambieni wa mapokezi maneno haya: mguu mmoja umevimba ghafla. Akianza kuhema au kifua kumchoma, semeni hilo kwanza.